Shukrani ya Mgonjwa Ambaye Hajapona

Somo la Injili: Luka 17:11-19



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo yatupeleka mpakani mwa Samaria na Galilaya, mahali ambapo watu kumi wenye ukoma walisimama mbali, wakapaza sauti zao kumwomba Yesu huruma. Yeye akawatuma kwa makuhani, nao walipokuwa njiani wakatakasika. Mmoja tu ndiye aliyerudi, akaanguka miguuni pake na kumshukuru, naye alikuwa Msamaria. Wale tisa hawakuonekana tena.

Tumezoea kuifafanua Injili hii kwa kuwalaumu wale tisa. Leo naomba tusimame upande mwingine. Yupo mtu anayetusikiliza asubuhi hii akiwa kitandani, au ameketi juu ya mkeka chini ya mwembe, naye anasema moyoni mwake: "Yule Msamaria alishukuru kwa sababu alipona. Mimi je? Nimesali miaka mingi, nimepakwa mafuta matakatifu, nimekwenda hospitali, na kesho nitaamka na ugonjwa ule ule. Nishukuru kwa lipi?" Swali hilo si la mtu asiye na imani. Ni swali la haki, nalo lastahili jibu lisilo la haraka.

Basi, tuingie kwa mawazo katika nyumba moja. Sisemi nyumba ya mtu fulani. Nasema nyumba ambayo kila katekista wa huku kwetu amekwisha kuiona. Tuiweke Nyarugusu, mkoani Geita. Baba ni mchimbaji mdogo, mwanaapolo, ashukaye duarani alfajiri. Mama huuza chakula karibu na makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Bibi, mama mzazi wa baba, ametoka kijijini upande wa Shinyanga baada ya kufiwa na mumewe, naye ndiye anayeshinda na watoto. Mtoto wa pili, binti wa miaka tisa, ana ugonjwa wa selimundu.

Jina la ugonjwa huo latueleza ulivyo. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hujikunja zikawa na umbo la mundu. Chembe za namna hiyo hazipiti kwa urahisi katika mishipa midogo. Hunasa, huziba njia, na sehemu ya mwili isiyofikiwa na damu hupata maumivu makali. Tena hazidumu muda mrefu, hufa upesi. Kwa hiyo mtoto hupungukiwa damu, na macho yake huwa ya manjano. Baridi, homa na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu hayo usiku mmoja, bila taarifa.

Mtoto hauambukizwi ugonjwa huu, wala hatupiwi na mtu. Huzaliwa nao, baada ya kupokea chembe ya urithi kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao wao wenyewe huwa wazima kabisa na hawajui kwamba wanayo. Wazazi wa namna hiyo wakikutana, katika kila mimba ipo nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Tena mtu mwenye chembe moja tu ya urithi huo huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu urithi huu umeenea mahali palipo na mbu wengi, kama huku kwetu kuzunguka Ziwa. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka katika Tanzania, na kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi.

Hayo ndiyo yanayojulikana. Lakini turudi katika nyumba yetu. Ni saa mbili usiku. Binti amelia tangu adhuhuri, akishika miguu yake. Baba amerudi na vumbi kichwani, hana dhahabu, hana fedha. Jirani amepita kutoa pole, na kabla ya kuondoka amenong'ona neno moja. Neno lenyewe ni hili: "Nani?" Nani anamtesa mtoto huyu? Nani amewaonea wivu? Na macho ya watu wote, bila mtu kuamrisha, yanageuka polepole kumtazama bibi aliyejiinamia pembeni mwa jiko, ambaye macho yake ni mekundu.

Ndugu zangu, hapa si mahali pa kuficha. Sisi watu wa Shinyanga, Geita na Mwanza twajua swali hilo limetupeleka wapi. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa nchini kwa kushukiwa uchawi, na zaidi ya nusu yao waliuawa huku Usukumani. Walio wengi walikuwa wanawake, na wengi wao wazee. Mauaji hayo hayakukoma mwaka huo. Yaliendelea kusikika miaka mingi baadaye. Mara nyingi yalianza kwa ugonjwa au kifo cha mtoto ndani ya nyumba, yakapita kwa mpiga ramli, yakaishia kwa panga usiku. Na alama iliyotosha kumhukumu bibi ilikuwa macho yake. Macho hayo yalikuwa yameungua kwa moshi: moshi wa samadi kavu na mabua, katika jiko lisilo na dirisha, kwa miaka hamsini ya kuwapikia wale wale waliomshuku.

Macho ya manjano ya mjukuu yana sababu yake. Macho mekundu ya bibi yana sababu yake. Lakini moyo uliochoka na maumivu hautafuti sababu, humtafuta mtu.

Swali hili si geni katika Injili. Katika sura ya tisa ya Yohane wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao wakauliza lile lile: ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Walikuwa na hakika kwamba yupo mwenye kosa. Walitaka jina tu. Yesu alikataa kuwapa jina. Alisema kwamba si huyu wala si wazazi wake, akawageuza watazame mbele, kwenye kazi ya Mungu itakayoonekana ndani ya mtu huyo. Kisha akainama, akatengeneza tope, akayagusa yale macho. Wao walikuwa wakimtafuta mkosaji. Yeye alianza kumhudumia mgonjwa.

Hapo ndipo ninapoona mahali pa shukrani katika maisha ya mtu mwenye ugonjwa usiopona upesi. Kila jioni mgonjwa na watu wa nyumbani mwake wataulizana swali, wapende wasipende. Maumivu hayaachi moyo ukae kimya. Kama hatukuupa moyo swali jingine, utauliza swali lake la zamani: "Nani ametutenda haya?" Mtu anayejizoeza kushukuru hujifunza kuuliza jioni ile ile, katika maumivu yale yale: "Nani ametushika mkono leo?" Swali la kwanza hutafuta adui ndani ya nyumba, na mwenye kutafuta adui hakosi kumwona. Swali la pili humtafuta Mungu na watu wake. Nalo pia halikosi jibu, hata siku iliyo mbaya.

Sasa yatupasa tuangalie tusieleweke vibaya, kwa maana yako mafundisho juu ya shukrani yanayowaumiza wagonjwa.

Kwanza, hatumwambii mgonjwa amshukuru Mungu kwa sababu ya ugonjwa. Mtakatifu Paulo, anapowaandikia Wathesalonike katika barua yake ya kwanza, sura ya tano, anawaagiza washukuru katika hali zote. Tazameni vizuri neno lile "katika". Mtu aliyenaswa na mafuriko humshukuru Mungu akiwa katika maji, kwa kamba aliyotupiwa. Hashukuru kwa mafuriko. Selimundu ni adui wa mtoto. Yesu hakumpongeza mgonjwa yeyote kwa ugonjwa wake, aliwaponya.

Pili, shukrani haifuti machozi. Kitabu cha Zaburi kimejaa nyimbo za shukrani, lakini kimejaa pia vilio vya watu waliomuuliza Mungu mpaka lini. Kanisa limeviweka vyote viwili katika kitabu kimoja, na twavisali vyote viwili. Mama akilia usiku kwa ajili ya binti yake hajaacha kuwa na imani. Asiambiwe na mtu yeyote wa jumuiya kwamba kulia ni kukosa shukrani.

Tatu, shukrani si hongo ya kumnunua Mungu ili aponye. Yuko anayefundisha kwamba mgonjwa akishukuru sana atapona, na asipopona shukrani yake ilikuwa na kasoro. Mafundisho hayo humrudisha mgonjwa pale pale penye swali la "nani", na safari hii mkosaji anakuwa yeye mwenyewe. Paulo alikuwa na mwiba katika mwili wake. Hatukuambiwa ulikuwa nini. Aliomba mara tatu uondolewe, na haukuondolewa. Alichopewa ni uhakika kwamba neema ya Mungu yamtosha. Sisi tunaotembea katika nchi ya migunga twajua mwiba ni nini, na twajua kwamba uko mwiba usiotoka siku ile ile. Na mtu yule mwenye mwiba ndiye aliyeandika habari za kushukuru daima.

Huenda mtasema: "Padre, maneno ni mema, lakini siku ya maumivu moyo haukumbuki kitu." Ni kweli. Ndiyo maana shukrani ni ya kila siku, haingoji siku ya maumivu. Wazee wetu wa Usukumani walikuwa na hekima ya ngitili. Mvua zinapoanza, na majani yamejaa kila mahali, mfugaji hutenga sehemu ya malisho na kuifunga, ng'ombe hawaingii. Mgeni angedhani ni upotevu. Lakini kiangazi kinapokuwa kikali, na nyasi zote zimekwisha, ngitili hufunguliwa, na ng'ombe wanaishi. Miti ya Shinyanga ilikuwa imefyekwa sana, kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kupanua mashamba, hata nchi ikawa kama jangwa. Mradi wa kuhifadhi ardhi ulioitwa HASHI ulipoanza mwaka 1986, njia mojawapo iliyorudisha kijani ilikuwa hii ya wazee: kutenga na kulinda. Miti mingi haikuhitaji kupandwa upya. Ilikuwa na mizizi hai chini ya ardhi, ikingoja kuachwa ikue.

Shukrani ya kila siku ni ngitili ya moyo. Katika siku za nafuu, mtenge sehemu. Kila jioni, kabla ya sala ya usiku, kila mtu wa nyumbani, pamoja na mgonjwa, ataje jambo moja la siku hiyo, na amtaje mtu. Asiseme tu, "Nashukuru kwa yote," kwa maana neno "yote" ni kubwa mno, na mara nyingi huwa halina kitu ndani. Aseme: "Leo nilitembea mpaka kisimani bila kuumwa." Aseme: "Mwalimu aliniruhusu ninywe maji darasani." Aseme: "Bibi alinikanda miguu mpaka nikalala." Mambo hayo ni madogo kama majani, lakini ng'ombe huishi kwa majani. Na siku ya kiangazi, mtoto asipoweza kusema lolote, wengine watafungua ngitili na kumkumbusha.

Mnaona alipokuja kutajwa bibi? Nyumba inayotaja kila jioni kwa sauti mema aliyoyatenda bibi haiwezi kumgeukia kwa urahisi usiku wa manane. Mtoto aliyemshukuru kwa jina mbele ya baba yake ameweka ulinzi juu ya maisha yake. Ndiyo maana nasema kwamba shukrani si pambo la dini. Huku kwetu yaweza kuokoa uhai wa mtu.

Shukrani ina mikono pia. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kumheshimu mganga mwenye elimu ya tiba, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mapenzi yake. Basi, kunywa dawa ni namna ya kushukuru. Mtoto wa selimundu anahitaji maji ya kutosha, vidonge vya foliki, kinga dhidi ya malaria na maambukizo, na kuhudhuria kliniki hata siku asiyoumwa. Iko dawa iitwayo haidroksiurea, ambayo hupunguza sana vipindi vya maumivu kwa wengi. Hapa Ziwani tunayo Bugando, hospitali ambayo maaskofu wetu waliijenga na ambayo ilifunguliwa mwaka 1971, na humo watoto wenye selimundu wana kliniki yao. Huko Dodoma watoto wachache wamekwisha kupandikizwa uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Njia hiyo bado ni nyembamba na si ya kila mtoto, lakini imefunguliwa. Mzazi anayeziacha hizo zote na kwenda kwa mpiga ramli amekataa zawadi, kisha analalamika kwamba hakupewa.

Nanyi makatekista, ninawaomba jambo moja. Mnapowaandaa vijana kwa ndoa, waelezeni habari ya selimundu kwa maneno rahisi, na kuwashauri wapime damu mapema. Wakijua kwamba urithi huu hutoka kwa baba na kwa mama sawasawa, hakuna atakayemfukuza mke akidai ameleta mkosi, na hakuna atakayemtazama mama mkwe kwa jicho baya.

Sitawasahau akina baba walio na ugonjwa mwingine wa kanda yetu, wale ambao mapafu yao yameharibiwa na vumbi la mwamba. Wapo waliotwanga na kusaga mawe miaka mingi bila kujifunika pua, na leo wanahema wakipanda kilima kidogo. Vumbi lile likishatua ndani halitoki, na humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Wengine wameshika zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma karibu na nyumba, na moshi wake hudhuru mishipa ya fahamu na figo. Kwenu ninyi nasema: shukrani yenu leo yaweza kuwa ni kumzuia kijana asipite njia mliyopita. Mwambieni alowanishe jiwe kabla ya kulisaga. Mwambieni asichome zebaki jikoni. Pumzi mliyobakiwa nayo, itumieni kwa neno hilo.

Na sisi tulio wazima, zamu yetu ni ipi? Si kumhimiza mgonjwa ashukuru, bali kumpa cha kushukuru. Jumuiya inayomtembelea mgonjwa mwezi wa kwanza na kumsahau mwezi wa sita haijaelewa neno "sugu". Ugonjwa sugu wataka upendo sugu. Pelekeni maji. Mshikeni mtoto ili mama alale. Tena, watoto hawa mara nyingi huhitaji kuongezewa damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka mkononi mwa jirani. Mkristo mwenye afya anayekwenda kuchangia damu amehubiri kuliko mimi ninayesema katika redio.

Wapendwa, tumalizie mezani pa Bwana. Neno Ekaristi, tunalolitamka kila siku, ni neno la Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Na Ekaristi iliwekwa lini? Haikuwekwa siku ya harusi ya Kana, wala asubuhi ya Pasaka. Iliwekwa usiku ule Bwana aliotolewa, wakati mateso yalikuwa mlangoni na msaliti ameketi mezani. Usiku huo alitwaa mkate, akashukuru. Alimjua aliyemsaliti, jibu la swali la "nani" alikuwa nalo. Lakini hakuujaza usiku wake kwa jina hilo. Aliujaza kwa shukrani, kisha akatoa mwili wake na damu yake, hata kwa wale ambao wangekimbia kabla ya mapambazuko. Saa chache baadaye bustanini alilia na kuomba kikombe kimwondokee. Alishukuru na alilia usiku mmoja. Mgonjwa anayefanya yote mawili hayuko mbali naye.

Turudi mara ya mwisho katika ile nyumba ya Nyarugusu. Ni usiku mwingine. Binti bado ana selimundu; kesho pia atakuwa nayo. Amekunywa dawa yake na maji kikombe kizima. Taa imewashwa, na zamu yake imefika. Anafikiri kidogo, kisha anamgeukia bibi mwenye macho mekundu, aliyekesha naye jana, na kumwambia kwa lugha ya nyumbani: "Wabeja, bibi." Baba amesikia. Mama amesikia. Na jirani aliyekuja na neno lake la kunong'ona hapati mahali pa kuliweka.

Leo jioni, kabla ya kulala, mtajeni mtu mmoja. Mtajeni kwa jina, naye awepo asikie.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyeshukuru usiku ule wa mateso, uwatazame wote wanaoamka na ugonjwa ule ule kila siku. Uwape nafuu, uwape wa kuwashika mkono, uwape macho ya kumwona. Uwalinde wazee wetu. Utuondolee swali linaloua, utufundishe swali linaloponya. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.